Chale za Mguu wa Jilala

Kwa hesabu yake mwenyewe, marehemu Kalisti Jilala alikuwa na miguu mitatu. Wa kulia alizaliwa nao na akaondoka nao. Wa kushoto alizaliwa nao pia, lakini kutoka chini ya goti ulizikwa Burma mwaka 1944, bila padri na bila sanduku. Wa tatu alipewa na Serikali katika hospitali ya jeshi, na huo ndio aliorudi nao kijijini kwao karibu na Mhunze, ukiwa na soksi ya kijivu na kiatu cheusi kilichong'arishwa, kama vile wenyewe ndio ulioajiriwa jeshini na Jilala alikuwa ameusindikiza tu.

Jinsi alivyoupoteza ule wa Burma ilitegemea nani alikuwa anauliza. Watoto waliambiwa ni Mjapani. Vijana wa Kisumbwa waliokuja kutafuta kazi kwenye mgodi alikokuja kuajiriwa waliambiwa ni mamba wa Ziwa, ili waogope maji yoyote wakati yeye anataka bafu lote peke yake. Katekista aliambiwa kwamba ulikuwa ndio mguu uliokuwa unampeleka kwenye pombe, akaona afadhali aingie mbinguni bila huo. Mkewe Melania ndiye aliyekuwa na habari ya kweli, kwa maana aliipata kwenye barua ya jeshi: lori la jikoni lilirudi nyuma likamkanyaga akiwa amelala kivulini.

"Lori la viazi," alikuwa anasema Melania, watu wakishaanza kumhurumia mumewe kupita kiasi. "Mwulizeni lilikuwa limebeba nini."

"Mama Limi," Jilala alikuwa anajibu, "vita ni vita."

Mguu wenyewe ulikuwa bomba jeupe, jepesi kuliko ungedhani ukiutazama. Daktari alimweleza kuwa ni alumini iliyochanganywa na madini mengine kidogo, aina ileile wanayoundia ndege. Jilala alichukua hilo neno la ndege akalitumia maisha yake yote. Chini ya bomba palikuwa na vipande viwili vilivyochomozea, ambavyo fundi alikuja kuviita masikio, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje. Kati ya masikio hayo ilipita bolti, na bolti ndiyo iliyoshika unyayo wa mti uliovalishwa kiatu.

Mwaka 1947 alipata kazi ya kutunza stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, akahamia huko na Melania, ila kila mwaka wakirudi kijijini kwa likizo. Kila mgeni aliyeajiriwa alipelekwa kwake kuchukua sururu na taa, na kila mgeni alikuta Jilala amekaa kwenye kiti, amekunja uso, anachomeka sindano ya kushonea magunia kwenye soksi, juu ya ugoko wa kushoto, huku anahesabu. "Ni dawa ya usingizi," alikuwa anamwambia mgeni. "Na wewe utachomwa yako Jumatatu." Wapo waliorudi makwao siku hiyohiyo. Mbwa wa msimamizi alimng'ata mara moja, upande wa kushoto, na tangu hapo kila akimwona Jilala alivuka barabara.

Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hakuwa na utani nalo, nalo ni ngoma.

Kabla ya vita Jilala alikuwa manju, yaani kiongozi wa uchezaji na mtungaji wa nyimbo, wa Wagika, kimoja kati ya vyama viwili vya ngoma vya kijijini kwao. Kila mwaka mwezi wa Julai, mavuno yakishaingia ghalani, Wagika na chama cha pili, Wagalu, walikutana kwenye uwanja mmoja, hawa kusini na wale kaskazini, na ngoma za pande zote mbili zikapigwa kwa wakati mmoja. Hakukuwa na mwamuzi. Watazamaji walikuwa huru kutembea. Jua likizama, upande wenye watu wengi ndio umeshinda, na waliokosa watu wanarudi nyumbani kimya mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo kazi ya manju ilikuwa kuyashika macho ya watu yasihame. Na Jilala, aliporudi na mguu wa ndege, aliyashika miaka minne mfululizo. Watu walitoka hata Shinyanga mjini kuja kuona alumini inaruka.

Mwaka 1950, saa nne asubuhi, sikio la ndani lilikatika, na kabla hajakaa sawa likafuata la nje. Jilala alianguka kwenye vumbi mbele ya watu elfu moja. Wagalu walikuwa na wimbo tayari kabla hajafutwa mavumbi. Manju wao, Mihayo, mtu mrefu mwenye sauti kama ya baragumu, aliuimba mwenyewe:

Wagika wana manju nusu,
nusu nyama, nusu sufuria;
nyama imechoka,
sufuria imetoboka.

Wazee wa Wagika waliona jambo liko wazi: Wagalu wamefukia dawa uwanjani. Lakini walimwambia Jilala na neno la pili, kwa upole, kama mtu anavyomwambia jirani kwamba ng'ombe wake amekula mtama. Mwaka ujao ataingia tena. Akisimama mpaka jua lizame, yeye ni manju mpaka atakapochoka mwenyewe. Akianguka, atakabidhi ngoma kwa mtu mwenye miguu miwili ya kuzaliwa. Jilala alicheka akasema sawa. Melania alimsikia usiku ule akigeuka kitandani kama mtu mwenye homa.

Aliporudi Geita aliuweka mguu ndani ya gunia akaupeleka karakana, kwa Bartholomeo. Huyu alikuwa Mhaya mfupi, mtaratibu, aliyejifunza kuchomelea kwenye karakana za jeshi, na alikuwa na tabia ya kuhoji chuma kilichovunjika kama polisi anavyohoji mwizi.

"Ulikuwa umebeba nini?" aliuliza.

"Sikubeba kitu. Nilikuwa nacheza."

"Uliruka kutoka juu ya nini?"

"Kutoka chini. Nikarudi chini palepale."

"Basi haukuvunjika siku ile," alisema Bartholomeo. "Siku ile ulimaliza tu."

"Fundi, mimi nilikuwepo."

Bartholomeo aliokota kipande chembamba cha alumini kilichotupwa, akakikunja kwa vidole viwili huku na huku, polepole, bila kukaza hata mshipa. Mara ya kumi na moja kikakatika. "Nimetumia nguvu gani?"

"Ya mtoto."

"Kwa hiyo si uzito. Ni idadi. Kila hatua uliyotembea tangu mwaka 1945 ililikunja sikio hili kidogo tu, hata jicho lisione. Ufa ukaanza kama unywele. Wewe ukacheza, nao ufa ukatembea. Na nikuambie lingine. Chuma cha kawaida, cha reli, ukikitendea kwa upole kinaweza kukusamehe maisha yako yote. Hii alumini haisamehe. Inakumbuka hata hatua za kwenda chooni."

"Kama Melania," alisema Jilala.

"Sasa kilichokuangusha ni hiyo kumbukumbu ya Melania au ni Wagalu? Maana nasikia umerogwa."

"Fundi, choma mguu."

Kuchomelea alumini ni kazi ya hila, kwa sababu haiwi nyekundu kwanza ili ikuonye. Unaitazama ni nyeupe, nyeupe, halafu ghafla iko chini kama uji. Bartholomeo aliisugua kwa sabuni ya kufulia, na sabuni ilipogeuka kahawia ndipo alipojua kwamba sasa. Alijaza madini mengi kwenye shina la kila sikio, pakawa pamevimba kama kichuguu, akajisifu kwamba hapo hapatavunjika tena. Kweli hapakuvunjika. Baada ya miezi minne sikio la ndani lilikatika pembeni mwa kile kichuguu, kwa mstari ulionyooka kama wa kisu, Jilala akiwa anatoka stoo kwenda kusalimia watu.

Bartholomeo aliutazama muda mrefu. "Hapa kosa ni langu," alisema, na watu waliomjua wanasema hakuwahi kulisema neno hilo kwa mtu mwingine. "Nimeweka nyama nyingi katikati, ambako hakukuwa na njaa. Pembeni moto wangu umelegeza chuma, na tena nimeacha kona. Ufa unapenda kona kama panya. Ukimwachia kona, anaingia."

Safari ya pili alichomelea kidogo, halafu akakaa siku nzima na tupa na msasa, analainisha pale madini mapya yanapokutana na ya zamani, mpaka ukipitisha kidole gumba kwa macho yaliyofumbwa husikii yanapoanzia. Akamfundisha Jilala na namna ya kuchunguza: paka mafuta ya taa, subiri, futa pakauke, kisha pakaza chaki iliyosagwa. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki.

"Na hiyo Julai nitakuja mwenyewe Mhunze," alisema. "Likizo yangu haitoshi kufika Bukoba na kurudi. Nitakuja kuona kazi yangu inavyoteswa."

Jilala na Melania walimtangulia kwa wiki tatu, kwa lori mpaka kivukoni, kwa treni kutoka Mwanza mpaka Shinyanga, kisha nyuma ya baiskeli za watu. Na ni katika wiki hizo tatu Jilala alipofanya alilolifanya.

Ikumbukwe kwamba alikuwa Mkristo wa kweli. Rozari yake ilikuwa imechakaa kuliko sururu za mgodi. Lakini usiku anaposali aliona uwanja, aliona Mihayo, na alijiambia kwamba Mungu ana mambo mengi na Wagalu wana jambo moja tu. Asubuhi moja alimwambia Melania anakwenda kutazama ng'ombe wa binamu yake, akaelekea kwa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mganga, bibi wa miaka mingi, mwenye macho yasiyopepesa.

"Shikamoo, mayu," alisema Jilala, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Wewe ni yule sufuria."

"Ndiye mimi."

Alipomaliza kueleza shida yake, Nyamizi alichukua wembe, akamwambia avue shati. Jilala alirudi nyuma hatua moja. Akasema yeye ni mtu wa kanisani, mwili wake umebatizwa, hawezi kuchanjwa chale mwilini.

"Basi umekuja kufanya nini?"

Jilala aliketi, akakunja suruali. "Nimekuja na huu," alisema. "Huu haujabatizwa."

Nyamizi aliutazama mguu, akamtazama mwenyewe, na watu wa nyumba ile wanasema ndiyo siku pekee waliyomsikia akicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akarudi kazini. "Unaingia uwanjani na miguu mingapi?"

"Miwili."

"Basi na huo una haki."

Wembe uliteleza. Jilala, ambaye hakuwa mtu wa kwenda mahali bila kujiandaa, alitoa mfukoni kipande cha msumeno wa kukatia chuma alichokibeba kutoka stoo. Nyamizi akachanja chale saba, tatu kuzunguka sikio la nje na nne kuzunguka sikio la ndani, palepale Bartholomeo alipokaa siku nzima kulainisha. Akaipaka kila chale unga mweusi uliochanganywa na mafuta ya nyonyo.

"Ikifika saa yake," alisema, "hao Wagalu watakimbia wenyewe."

Jilala aliacha mbuzi mmoja, akavuta soksi juu, akaenda nyumbani akamweleza Melania habari ndefu ya afya ya ng'ombe.

Bartholomeo alifika siku moja kabla ya ngoma, mchana. Hakutaka hata maji kwanza. Alimkalisha Jilala kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akavua kiatu na soksi, akapaka mafuta ya taa, akafuta, akapuliza chaki. Kwenye chaki ikatokea mistari saba, myeusi, iliyopangwa vizuri kama ya daftari.

Aliihesabu kwa kidole. "Jilala, nani ameandika juu ya kazi yangu?"

Jilala alitazama mbali. "Zinaitwa chale."

"Najua zinaitwaje. Kwetu pia zipo. Lakini kwetu wanachanja watu." Alipitisha ukucha kwenye mmojawapo, ukanasa. "Nimekuambia ufa unapenda kona. Wewe umemjengea nyumba saba, na dirisha juu. Hapa pembeni mwa sikio ndipo pamechoka kuliko kote. Ukicheza na hizi, kesho saa nne uko chini."

"Na ukizitoa?"

"Nikizilainisha zote, labda utafika jioni. Labda. Umetembea nazo wiki ngapi?"

"Tatu kasoro."

"Na mazoezi?"

"Kidogo," alisema Jilala, ambaye alikuwa anaruka kila siku nyuma ya ghala mpaka kuku wamehama.

Hapo palikuwa pagumu kweli. Upande mmoja alikuwa na fundi aliyekosea mara moja tu na kukiri. Upande mwingine alikuwa na mbuzi aliyekwisha kuliwa. Mwishowe alinyoosha mguu. Bartholomeo alifanya kazi kwa tupa na msasa mpaka jua lilipoanza kulala, akazifuta chale zote saba, akapitisha kidole gumba, akaridhika. Melania akamwita akale ugali. Akanawa mikono, akaingia ndani, akaacha tupa juu ya kigoda.

Jilala alibaki peke yake na mguu wake. Aliutazama ulivyong'aa. Ulionekana uchi. Akafikiria Mihayo. Akafikiria Wagalu wanakuja na dawa zao zote, na yeye anasimama mbele yao na sabuni ya kufulia. Akachukua tupa, akageuza ile kona yake kali, na kwenye sikio la ndani, mahali soksi inapofunika, akarudisha chale moja. Moja tu, ndogo. Akapaka mabaki ya unga mweusi yaliyokuwa kwenye kibuyu alichopewa na Nyamizi, akavuta soksi, akaingia ndani akala ugali kwa hamu na akasifu mboga.

Kesho yake saa nne ilipita akiwa amesimama. Saa sita ikapita. Bartholomeo alikuwa amekaa mbele kabisa, hatazami uso wa manju kama watu wengine, anatazama kiatu. Watu walikuwa wengi, wanahama kusini na kaskazini kama nyuki. Mchana Mihayo alirudisha ule wimbo wa sufuria, na watu mia mbili walikimbilia kwake kwa kicheko. Jilala akawasubiri wamalize, akajibu kwa wimbo aliokuwa ameutunga stoo, akihesabu sururu:

Sufuria imerudi jikoni,
imeuliza: leo tunapika nini?
Mihayo, kata kuni,
nasikia harufu yako.

Mia mbili walirudi na mia nyingine juu yao. Ikaendelea hivyo, wakienda na kurudi, mpaka jua likawa kimo cha mti na uwanja umegawanyika nusu kwa nusu. Huo ndio muda ambao manju anaonekana ni manju. Jilala alikuwa na mruko mmoja alioutunza tangu asubuhi: anakimbia hatua tatu, anageuka hewani, na anatupa teke la kushoto kuelekea kwa wapinzani. Alikimbia. Akageuka. Akatupa teke.

Teke lilifika mbali kuliko alivyokusudia. Kiatu, soksi na unyayo viliondoka pamoja, vikapita juu ya vichwa vya watazamaji, vikavuka nafasi yote ya katikati, na vikatua kaskazini, katikati ya wapiga ngoma wa Wagalu, vikasimama wima kama mtu aliyefika nyumbani.

Ngoma za Wagalu zilinyamaza. Mpiga ngoma mmoja mzee aliinama kutazama. Soksi ilikuwa imeshuka, na kipande cha sikio kilichobaki kwenye bolti kilionekana, na kwenye ukingo wake palikuwa na mstari mweusi. Mzee alirudi nyuma taratibu.

"Umechanjwa," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini ilitosha. Waliokuwa karibu walirudi nyuma, waliokuwa nyuma waliuliza, na waliojibiwa hawakungoja jibu liishe. Upande wa kaskazini ulitawanyika, na kwa kuwa njia iliyokuwa wazi ilikuwa ya kusini, watazamaji wao wote waliishia kwa Wagika, wengine kwa hofu na wengine kwa kutaka kuona ni nini kimebaki kwenye goti la manju. Jilala alikuwa amening'inia kwenye mabega ya wachezaji wawili, anaimba. Hakuanguka. Jua lilizama uwanja wa Wagalu ukiwa na kiatu kimoja.

Kiatu chenyewe hakuna aliyetaka kukigusa. Melania ndiye aliyekwenda kukichukua. Alivuka uwanja peke yake, mbele ya watu wote, na Mihayo, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, akamwonya: "Mama Limi, usikiguse hicho. Ninakuheshimu, ndiyo maana nasema."

"Soksi hii naifua kila Jumamosi," alijibu Melania. "Ingekuwa inaua ningekwisha kufa kwa harufu."

Lakini alipokiinua aliona ule weusi. Alikifunga kwenye kanga, akarudi nacho polepole, akafika mbele ya mumewe aliyekuwa anapongezwa.

"Baba Limi, hiki cheusi ni nini?"

"Grisi."

"Grisi ya nani?"

Jilala alimtazama Bartholomeo amsaidie. Bartholomeo alikuwa ameshachukua kile kipande na anakigeuza kwenye mwanga wa mwisho. "Tazama," alimwambia Melania, kana kwamba ameulizwa yeye. "Hapa pamevunjika leo, pana punje na panang'aa. Lakini hapa ni laini, na pana mistari kama pete za mti uliokatwa. Kila pete ni ufa ulipopumzika ukaendelea. Na zote zimeanzia kona hii moja." Akanyamaza, akapitisha ukucha. "Ambayo jana niliifuta."

Sasa walimtazama wote wawili.

"Ilikuwa ndogo," alisema Jilala.

Nyamizi alitangaza kijiji kizima kwamba alisema watakimbia na wamekimbia. Bartholomeo alisema ulikatika alipopaonyesha. Wote wawili walikuwa na ushahidi, na mabishano hayo yangali yanaendelea Mhunze. Melania hakubishana. Jumamosi alimpeleka mumewe misheni kwa magongo, akamkalisha kwenye foleni ya maungamo, akakaa nyuma yake ili asibadili mawazo.

Kilichosemwa mle ndani kilijulikana kwa sababu Jilala mwenyewe alikieleza kwa yeyote aliyetaka na wengine wasiotaka. Padri alimwuliza kama amechanjwa.

"Mwilini hapana, Padri."

"Wapi?"

"Mguuni, Padri. Ule mwingine."

Jilala aliapa kwamba nyuma ya kile kidirisha alisikia kiti kikitikisika. Kisha Padri akasema kwamba, kama mwili haukushiriki, basi mguu ndio utakaotubu. Mguu ukakaa sakristia, kwenye chumba cha mavazi ya Padri, mwezi mzima, umesimama kwenye kona kando ya mishumaa, na mwenyewe akasali kila asubuhi kanisani kwa magongo, akiutazama kupitia mlango uliofunguliwa. Alisema baadaye kwamba haikuwa adhabu ndogo. "Unapiga magoti na mguu mmoja tu, na mwenzako amekaa ndani na Padri kama shemasi."

Bartholomeo alifua masikio mapya, akayachomelea Geita, akalainisha, na safari hii alimwapisha kwa rozari yake mwenyewe kwamba hakuna tupa, wembe wala msumeno utakaoukaribia. Jilala alishika neno. Kila mwisho wa mwezi alipaka mafuta ya taa na chaki, Melania akishika taa, na wote wawili waliinama kuutazama mguu kama watu wanaosoma barua. Alikuwa manju miaka sita mingine. Wagalu hawakucheza tena wakitazamana na teke lake la kushoto.

Kichomi kilimchukua mwezi wa Mei 1958, katika siku nne, akiwa amepata sakramenti zote na akiwa amemwambia katekista kwamba huko aendako ataulizia ule wa Burma. Mungu ampokee na amrudishie. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu siku hiyo, na kimya chake kinasikika.

Bartholomeo alisafiri siku mbili akafika kabla ya kuzika. Ilikuwa imeamuliwa kwamba mguu uzikwe pamoja naye, upande wa kushoto. Aliomba auone kwanza. Akaomba mafuta ya taa na chaki. Waombolezaji walimpisha, wakidhani ni desturi ya Wahaya. Alipaka, akasubiri, akafuta, akapuliza, akainama. Kwenye shina la sikio la ndani, polepole, ulitokea mstari mmoja mwembamba, hata hauna urefu wa ukucha.

"Hakuna aliyechanja hapa," alisema. "Ni hatua zake tu. Ungefika ngoma ya Julai. Jioni usingefika."

Melania alisogea karibu. Aliutazama ule mstari, akaufuta kwa ncha ya kanga.

"Basi amewahi," alisema. "Angeanguka tena mbele ya Mihayo, ningesimuliwa mpaka siku ya kiyama."

Na ndipo watu walipocheka, jeneza likiwa wazi, machozi yakiwa hayajakauka. Hata Mihayo alicheka, aliyekuwa amekuja na Wagalu wake wote kumzika. Ila walipofika kaburini alisimama upande wa kulia, na alipoombwa asogee kushoto ili familia ipate nafasi, alisema kwa heshima kwamba pale alipo panamtosha.